MIAKA YA NYONGEZA SI YA KUKALIA KITI

Ujumbe wa Jumapili ya Wazee
Masomo: 2 Wafalme 20:1-19, Isaya 38, Luka 17:11-19, Zaburi 92:12-15
Mhubiri: Mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu



Wale mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kupiga kelele madhabahuni. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na mwalimu wa hesabu akihubiri ni kama anaandika ubaoni. Kwa hivyo mnivumilie. Pasta ameniomba nizungumze na wazee leo, lakini vijana msilale. Haya ninayosema mtayahitaji, na wengine wenu mna baba na mama nyumbani ambao wanayahitaji leo jioni.

Somo letu ni Mfalme Hezekia. Tumezoea kumhubiri Hezekia kwa sababu ya maombi yake. Nabii Isaya alimwendea akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Hezekia akageuza uso ukutani, akaomba, akalia sana. Kabla Isaya hajatoka hata katika ua wa kati, Neno likamrudisha: Mwambie nimesikia, nimeona machozi yake, nitamwongezea miaka 15. Hapo sisi hupiga vigelegele na kufunga Biblia.

Leo nataka tusifunge. Nataka kuuliza swali moja la hesabu: hiyo miaka 15, Hezekia aliifanyia nini? Na wewe ambaye Mungu amekuongezea, yako unaifanyia nini?

Nauliza kwa sababu mimi ni mmoja wa walioongezewa.

MLANGO ULIOVIMBA

Nikiwa na miaka kama tisa hivi niliumwa na koo. Nyanya yangu alinisukutua kwa maji ya chumvi, akanifunika blanketi. Baada ya wiki mbili tatu magoti yakavimba, kisha viwiko, nikashikwa na homa. Ikapita. Nikarudi shule, nikacheza mpira. Homa iliondoka, koo likapona, magoti yakaacha kuuma, lakini moyo haukusahau. Daktari alinieleza nikiwa mzee kwamba kuna vijidudu vya koo ambavyo mwili ukipigana navyo, unaweza kukosea ukaupiga moyo wake wenyewe. Kovu linabaki pale miaka 40, 50, likikaza polepole.

Moyo una milango minne midogo ya kuruhusu damu iende mbele isirudi nyuma. Hiyo ndiyo valvu. Kwa siku moja moyo hupiga kama mara 100,000, na kila pigo milango hiyo hufunguka na kufungwa. Mmoja wangu, ule ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto, ulikuwa umekauka na kushikana kama mlango wa mbao uliovimba wakati wa mvua. Unasukuma, haufunguki vizuri.

Mwaka wa kwanza baada ya kustaafu, nikiwa na miaka 61, sikuweza kutoka nyumbani kwangu hadi shambani bila kusimama mara tatu. Nililala nimeegemea mito mitatu. Miguu ilivimba. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema kuna mtu hafurahii pensheni yangu. Ilikuwa ni valvu.

Mliniombea hapa. Mlifanya mchango hapa. Mama mmoja mjane, yuko hapa leo na sitamtaja, alileta kuku watatu wauzwe. Tukatoka Kitale tukaenda Nairobi, nikapasuliwa kifua, moyo wangu ukasimamishwa, mashine ikafanya kazi yake kwa saa kadhaa, wakatoa mlango ule mbovu wakaweka wa chuma. Nikaamka na mrija kooni, siwezi kusema neno, lakini niko hai. Sema Amina!

1. MUNGU ALIYESEMA "MIAKA 15" NDIYE ALIYELETA TINI

Turudi kwa Hezekia. Angalia jambo ambalo tunaliruka. Mungu ameshaahidi. Neno limetoka. Uponyaji ni hakika. Halafu katika mstari wa saba Isaya anaagiza waletwe tini, zifanywe mkate, ziwekwe juu ya jipu. Ndipo akapona.

Ndugu zangu, Mungu alikuwa ameshindwa kuponya bila tini? La hasha. Lakini alichagua tini. Na Hezekia hakusema, "Nabii, mimi nimeshapokea kwa imani, peleka hizo tini zako." Alizipokea. Tini zilikuwa sehemu ya jibu la maombi yake.

Sasa wacha niwaambie aibu yangu, kwa sababu ushuhuda usio na aibu ndani yake mara nyingi umepakwa rangi.

Mtu mwenye valvu ya chuma lazima ameze dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Inaitwa warfarini. Damu ikigusa chuma hupenda kuganda, na donge dogo likitoka pale linaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Kwa hivyo unameza kila siku saa ile ile, na unaenda kupimwa damu mara kwa mara waone kama iko sawa. Ikiwa nzito sana, utaganda. Ikiwa nyepesi sana, utatoka damu.

Mwaka wa pili nilienda kesha mahali fulani, si hapa. Mhubiri mgeni akasema wenye imani walete dawa zao mbele waziache. Watu walilia, walienda. Mimi mwalimu wa hesabu, mzee wa kanisa, nikaenda. Niliacha pakiti yangu pale. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikimwimbia Bwana ndani ya matatu.

Siku ya kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Kikombe kikaanguka. Nilitazama mkono wangu wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Nilitaka kumwita mke wangu, mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka kama ya mlevi. Ilichukua kama dakika ishirini, kisha mkono ukarudi, na maneno yakarudi. Daktari alisema ni donge dogo lililopita. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mwalimu, nani alikuambia uache dawa?" Nikamwambia. Akaandika, akanyamaza. Ule unyamavu uliniuma kuliko matusi.

Na mnajua? Yule mhubiri hajawahi kunipigia simu kuuliza naendeleaje.

Nilimwendea pasta wetu nikidhani atanikemea kwa kukosa imani. Akanifungulia Luka 17. Wale kumi wenye ukoma, Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu ndio waliokuwa na kazi ya kupima na kuthibitisha kwamba mtu amepona kweli. Yesu mwenyewe, mponyaji, hakuogopa vipimo! Pasta akasema, "Mzee, Mungu akikuponya bila dawa, nenda ukapimwe, daktari mwenyewe akuambie uache. Mpaka siku hiyo, kidonge chako ni tini yako."

Mimi naamini uponyaji. Nimeona kwa macho haya watu wakiinuka hapa. Lakini mtu asikuambie kwamba kumeza dawa ni kumwonyesha Mungu kidole. Unaweza kumeza huku unashukuru. Mimi hushika kile kidonge jioni, nasema, "Asante Bwana kwa tini," nameza. Mwambie jirani yako: Meza tini yako!

Na kwa wale wenye valvu kama mimi, au wanaomtunza mtu kama huyo, sikilizeni maneno haya ya nyumbani. Ukisahau kumeza, usimeze mara mbili kesho yake kulipa deni, uliza kliniki. Usinunue dawa za maumivu dukani kiholela, wala miti shamba, kwa maana nyingine huifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi. Ukipewa dawa za malaria au za kuua vijidudu, mwambie anayekupa kwamba uko kwa warfarini. Ukienda kung'olewa jino, mwambie wa meno kabla hajashika koleo. Mboga za majani, sukuma wiki, managu, saga, kunde, hukukatazwa. Kula, lakini kwa kiasi kile kile wiki kwa wiki. Usile bakuli tatu Jumatatu halafu ukae mwezi mzima bila. Ukiona choo cheusi kama lami, au damu ya pua haikomi, usingoje Jumapili tukuombee. Enda hospitali, tutakuombea ukiwa njiani.

2. MIAKA YA NYONGEZA SI YA KUKALIA KITI

Nimewaambia kosa langu la kuacha dawa. Sasa kosa la pili, na hili ndilo lilinikalia muda mrefu zaidi, kwa sababu halikuonekana kama dhambi.

Nilitoka hospitali na maagizo. Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya, unahitaji kama miezi mitatu kushikana vizuri. Usinyanyue debe la maji, usivute jembe, usiendeshe gari. Ukikohoa, kumbatia mto. Tembea kidogo kila siku, ongeza polepole. Hayo yote nilifuata isipokuwa la mwisho. Nilikaa.

Miezi mitatu ikaisha. Daktari akasema mfupa umeshika, endelea na maisha. Mimi nikarudi kwenye kiti changu cha verandani. Watu walikuja kunisalimia na kusema, "Pole Mwalimu, usijichoshe." Nikapenda hiyo pole. Niliacha kwaya ya wazee. Niliacha kwenda shambani hata kutazama tu. Mjukuu akinirukia, namsukuma, nikishika kifua. Usiku nililala macho wazi nikisikiliza. Maana hii valvu ya chuma inasikika, tik, tik, tik, na mimi nilikuwa nangoja iliyo ya mwisho.

Na nililia. Nilikuwa nalia bila sababu, mtu mzima. Nikitazama habari, nalia. Nikiona ng'ombe anazaa, nalia. Daktari aliniambia baadaye kwamba huzuni baada ya upasuaji wa moyo huwapata wengi, na mtu anapaswa kuisema ipate msaada. Mimi sikuisema. Nilidhani nimepungukiwa kiroho. Ndugu, kama uko hapo, sema. Mwambie daktari, mwambie pasta, mwambie mwenzako. Hezekia alilia na Mungu akayaona machozi yake. Hakumuuliza kwa nini mfalme analia.

Lakini ona tofauti. Hezekia alipokuwa anakufa aligeuza uso ukutani. Alipoahidiwa kupona, Neno lilimwambia siku ya tatu utapanda nyumbani kwa Bwana. Siku ya tatu! Mungu hakumwacha alale akitazama ukuta. Na ukisoma Isaya 38, Hezekia aliandika maneno akiahidi kwamba ataimba nyumbani mwa Bwana siku zote za maisha yake. Mimi nilikuwa nimepona mwezi wa kumi na uso bado uko ukutani.

Siku moja mke wangu alitoka shambani, miguu ina matope, akasimama mbele yangu. Ameniita Mwalimu tangu tuoane. Akasema, "Mwalimu, nataka kukuuliza. Tuliuza shamba la chini, kanisa likachanga, mama wa watu akauza kuku. Tulikununulia moyo au tulikununulia kiti?"

Sikujibu. Mnafikiri ningejibu nini?

Kesho yake nilitembea hadi kwenye mwembe na kurudi. Baada ya wiki, hadi kwa jirani. Baada ya mwezi, hadi sokoni, polepole, nikisalimia watu. Leo natembea nusu saa asubuhi, na panga nashika kwa adabu, maana nikijikata damu haikomi haraka. Niko kwaya. Nakula samaki na mke wangu Jumamosi na tunacheka vitu vya zamani. Yule mjukuu aliweka sikio kifuani mwangu akauliza, "Kuka, moyo wako uko na saa?" Nikamwambia, "Ndiyo. Inanikumbusha kwamba bado ni wakati." Ile sauti iliyonikosesha usingizi, sasa ndiyo inanilaza.

Wazee wangu, kuna mafundisho yanatufanya tuone furaha ya uzeeni kama kitu cha kuombea msamaha. Ati mzee aliyeokoka ni wa kufunga, kunyamaza, na kungoja kwenda mbinguni. Soma Mhubiri mlango wa 9. Anatuambia tule chakula chetu kwa furaha na tuishi vizuri na mwenzi tunayempenda, kwa kuwa Mungu amekubali. Hofu inaweza kuvaa kanzu ya hekima na kujiita kujitunza. Jitunze, ndiyo. Lakini ujitunze ili uishi. Zawadi isiyofunguliwa inamhuzunisha aliyeitoa.

3. USIMALIZE KAMA HEZEKIA

Sasa sehemu ngumu. Hezekia alianza vizuri miaka yake ya nyongeza, lakini hakumaliza vizuri. Wageni walitoka Babeli kumpa pole kwa ugonjwa wake. Akawaonyesha hazina yake yote. Sisomi popote kwamba aliwaonyesha Mungu aliyemponya. Isaya akamwambia vitu hivyo vyote vitachukuliwa Babeli, na hata wana wake. Hezekia akajibu, kwa maneno mengine, sawa, mradi siku zangu mimi kuna amani. Hapo mimi huumia kila nikisoma. Watoto wake watachukuliwa, na yeye anahesabu miaka yake.

Na Manase alipoanza kutawala alikuwa na umri wa miaka 12. Piga hesabu. Alizaliwa ndani ya ile miaka 15. Mtoto wa miaka ya nyongeza, na akawa mmoja wa wafalme waovu kuliko wote katika Yuda. Sisemi kosa lote ni la baba. Lakini nauliza: huyo mzee aliyeongezewa, alikuwa wapi mtoto huyu akilelewa?

Wacha niwape mfano mwingine wa mzee. Mwaka 1958 kule Oregon, Marekani, kulikuwa na mhandisi mstaafu aitwaye Lowell Edwards. Alikuwa na miaka kama 60, amepata pesa kwa kutengeneza pampu, angeweza kukaa na kuvua samaki. Ujanani alikuwa ameugua homa hii hii inayoharibu valvu. Akamwendea daktari kijana, Albert Starr, akamwambia anataka kutengeneza moyo wa bandia. Daktari akamwambia, tuanze na kitu kidogo, valvu moja. Mwaka 1960 wakaweka valvu yao, kitufe cha duara ndani ya kizimba, katika kifua cha mtu wa miaka 52. Mtu huyo aliishi karibu miaka 10 zaidi, na hakufa kwa sababu ya moyo. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka nyumba yake rangi!

Wazee, sisemi mpande ngazi. Mke wangu ananitazama. Nasema huyo mtu alikutwa akiishi. Na ule mzee mhandisi, katika umri ambao wengi husema kazi imekwisha, alizaa tunda ambalo mimi wa Kitale nimelila. Zaburi ya 92 inasema wenye haki watazaa matunda hata wakati wa uzee, watakuwa wabichi na wenye ustawi. Ubichi, watu wa Mungu! Si mti mkavu uliosimama tu kwa sababu haujaanguka.

Tunda langu ni dogo. Jumatano jioni nafundisha hesabu bure hapa kanisani watoto wa darasa la juu. Na nimejipa kazi nyingine: mtoto yeyote wa familia yangu au wa ushirika wetu akiumwa koo na homa, mimi ndiye mtu wa kusumbua. Nasema apelekwe kwenye kituo cha afya atazamwe, na akiandikiwa dawa azimalize zote hata kama amepona siku ya tatu. Wananiita mzee wa makoo. Sawa! Koo langu halikutibiwa, na nilimlipia kwa kifua changu. Nisingependa mtoto yeyote hapa alipe hiyo bei. Hezekia alisema mradi siku zangu ziko na amani. Mimi naomba Mungu anisaidie niseme: mradi siku zao.

MWITO

Kuna mtu hapa uso wako uko ukutani. Labda si moyo. Labda ni sukari, ni kansa uliyopona, ni mume uliyemzika, na tangu siku hiyo umekaa kitini. Mungu aliona machozi yako. Lakini siku ya tatu imefika, geuka. Na kuna mwingine umeficha dawa zako kwa sababu uliogopa watu watasema huna imani. Rudi nyumbani uzimeze leo. Njooni tuombe.

SALA
Baba, asante kwa pigo hili la moyo na kwa lile linalofuata. Asante kwa tini uliyotutengenezea kupitia mikono ya watu. Utusamehe siku tulizozifungia kabatini kwa hofu. Utupe kicheko, miguu ya kutembea, na tunda kwa ajili ya watoto wanaokuja nyuma yetu. Katika jina la Yesu, Amina.

YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI WIKI HII
1. Someni 2 Wafalme 20:7. Je, kuna tini ambayo Mungu amekupa na umeona aibu kuipokea?
2. Ni kitu gani cha furaha uliacha kwa sababu ya ugonjwa au hofu, na daktari tayari amekuruhusu? Utaanza lini?
3. Taja mzee mmoja katika ushirika wenu ambaye huja kumpa pole tu. Wiki hii, mwombe akufundishe kitu.
4. Watoto wa ushirika wenu wakiumwa koo, nani huhakikisha wametazamwa?